Gharama ya moshi ailipe nani?

Jamani huku Amu (Lamu), kikitajwa kiwanda tu watu washagawanyika, hawa wa ajira, hawa wa hewa, na mimi nimechoka na huo ugomvi maana wanaotafuta kazi ni ndugu zetu na wanaokohoa pia ni ndugu zetu.

Ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi kila mtu anaujua, megawati 1,050, NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wakatoa leseni 2016, halafu tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalum ya mazingira ikaifuta, sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa sawasawa. Kuna waliosema tumefukuza wawekezaji. Mimi nauliza tu, ule umeme tulioambiwa ni wa bei nafuu, kifua cha mtoto na majivu yakiingia kwenye bahari tunayovua, hivyo vilipigiwa hesabu wapi? Moshi usipolipiwa na mwenye kiwanda unalipiwa na jirani yake, hakuna siku umewahi kuwa bure.

Tazameni Owino Uhuru pale Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto, na Julai 2020 mahakama ikaamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali nazo zikabebeshwa sehemu yake. Yani pesa ya walipa kodi.

Lakini sasa kuna upande wa pili na lazima usemwe. Namjua mzee mmoja mchoma chokaa, anapanga mawe juu ya kuni, akishawasha ule moshi mzito unashuka chini kabla haujapanda, ukiwa karibu macho yanawasha mpaka jioni. Nilipomgusia sheria na filta ya kuchuja moshi akaniambia, "Mwanangu, hiyo filta unayosema bei yake ni tanuri langu na nyumba yangu, wakinibana nafunga." Na ni kweli kabisa! Huwezi kumpa yeye masharti sawa na kampuni yenye mabilioni. Yeye aambiwe achome kuni kavu, tanuri liwe mbali na nyumba, na aangalie upepo, wakati wa kusi asichome palepale anapochoma wakati wa kaskazi. Hayo anayaweza, apewe na muda.

Mkubwa ndo hana udhuru. Marekani mwaka 1990 walipobadilisha sheria yao ya hewa safi, mitambo ya umeme ikawekewa kikomo cha salfa na vibali vya kuuziana, anayepunguza zaidi anauza vibali vyake kwa mwenzake. Wenye mitambo walilia sana kuhusu gharama, na mwisho gharama ikatoka chini sana kuliko makadirio, maana kila mmoja alitafuta njia yake rahisi, wengine makaa yenye salfa kidogo, wengine mitambo ya kusafisha moshi.

Sisi kanuni za ubora wa hewa tunazo tangu 2014, shida yangu ni vipimo. Mifuko ya kuchujia vumbi inataka feni kubwa na feni inakula stima, kwahivyo tamaa ya kuizima usiku ipo, na nani atajua? Mimi nataka vipimo vya kila dohani vibandikwe ofisi ya chifu kila mwezi, kwa Kiswahili, na nambari ya simu ya kulalamikia iandikwe hapohapo chini.