Usimtumie muuza kapeti mita za mraba pekee

Muuzaji akikuuliza, "Mama, nyumba ni mita ngapi za mraba nikupe bei?", usikimbilie kumjibu. Swali lenyewe halina ubaya, maana kapeti ya kutandika ukuta hadi ukuta huuzwa hivyo hapa Nairobi. Ila bei hufuata mita ya mraba, na mkasi hufuata upana wa roli, na roli nyingi zina upana wa mita 4. Mimi ni mshonaji. Hakuna mteja ninayemtajia kitambaa cha kununua kabla sijajua jora lina upana gani, na nyumba yetu nimeipima kwa jicho hilohilo.

Tunakaa Buruburu, katika zile nyumba za ghorofa moja zilizojengwa miaka ya 1970 na 1980: sebule na jikoni chini, vyumba vitatu vya kulala juu, na ngazi ya terazo inayopinda ikikaribia kumalizika. Chini tuna vigae na vitabaki. Kapeti ni ya juu na ya ngazi. Mama yangu amehamia kwetu kutoka Wundanyi, magoti yanamsumbua, na baridi ya Julai ikiingia hapa hatembei bila soksi. Soksi na terazo haviendani. Kila usiku anapopanda kulala nasimama pale chini namwangalia mpaka afike juu. Basi sitaki kapeti ipimwe ovyo.

Vyumba nimevipima kwa tepu ya chuma, binti yangu akishika ncha moja. Kila chumba tunakipima sehemu tatu, huku mwisho, katikati na kule mwisho, na kipimo kikubwa ndicho kinachoandikwa. Kuta za nyumba hizi zimepigwa lipu na kurudiwa mara nyingi, hazijanyooka. Chumba chetu kikubwa ni mita 4.27 kwa 3.62, lakini kutoka pembe hadi pembe upande mmoja ni 5.58 na wa pili 5.62. Pembe zake zingekuwa sawasawa, vipimo hivyo viwili vingelingana. Ndiyo maana naongeza sentimita 10 kwa kila urefu na kila upana, fundi apate pa kukatia. Mlangoni usiishie ukutani. Pima mpaka katikati ya unene wa mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu hapo ndipo kapeti ya chumba inapokutana na ya ukumbi wa huko juu.

Halafu kuna manyoya ya kapeti. Aliyewahi kushona mahameli anajua: ukipitisha kiganja upande huu inalala, upande ule inasimama, na vipande viwili vilivyokatwa kwa kupishana vinaonekana kama rangi mbili. Kapeti ni vilevile. Vipande vyote vya ghorofani vinatakiwa vilale upande mmoja, na ngazini manyoya yanatakiwa yatazame chini, kutoka juu kuteremka. Kwa hiyo huwezi kugeuza kipande ili tu kienee kwenye roli. Kwenye mchoro wangu nimeweka mshale katika kila chumba, yote ikielekea upande mmoja, wa ngazini, na kila kitu nilichopanga baadaye kimetii mishale hiyo.

Sasa ngazi, na hapa nawaomba msiwe na haraka. Watu wengi hupima kidato kimoja, wakazidisha kwa idadi, basi. Kidato kina sehemu tatu: pa kukanyagia, uso wa mbele uliosimama, na ule mdomo unaojitokeza kidogo mbele. Tepu ya chuma haizunguki mdomo vizuri, kwa hiyo hapo nilitumia tepu yangu ya kushonea, baada ya kuilinganisha na ya chuma, maana tepu ya kitambaa ikizeeka hurefuka na kudanganya. Unaishikilia nyuma kabisa pale pa kukanyagia, unaileta mbele, unaizungusha mdomo, unaishusha hadi kidato cha chini yake. Kwetu ni sentimita 25, na 3, na 18.5: jumla 46.5. Nakata 50. Upana wa ngazi ni 82, nakata 90.

Nilipima kila kidato peke yake, na nashukuru. Cha kwanza kutoka chini kina kimo cha sentimita 17 tu, pungufu ya vyote. Sababu iko wazi ukitazama sakafu: vigae vya sebuleni viliwekwa miaka mingi baada ya ngazi kujengwa, vikapandisha sakafu, vikala kimo cha kidato cha kwanza. Mguu hukariri ngazi. Ukipanda au kushuka, unategemea kila kidato kiwe sawa na kilichotangulia, na ambacho hakiko sawa ndicho kinachokwaza. Nimemwonyesha mama, na nimemwandikia fundi kwenye mchoro kwamba kidato hicho hakilingani na vingine.

Vile vitatu vya kwenye kona havipimwi kwa hesabu ya vingine. Ni vyembamba upande wa ndani na vipana upande wa ukutani, kwa hiyo unachukua panapozidi kote kote, kina na upana, kisha unahesabu kana kwamba kila kimoja ni kipande cha pembe nne. Chetu kikubwa kabisa, pamoja na mdomo na uso wake, kina sentimita 95.5 na upana wa 105. Kila kimoja nimekipa mita 1 kwa 1.10. Fundi atapunguza mwenyewe akishakitandika.

Nilichora roli kwenye karatasi ya kukatia nguo, sentimita 10 kwa kila mita, nikakata vipande vya karatasi vyenye mishale na kuanza kuvisogeza. Kazi hii naipenda kuliko kushona kwenyewe. Chumba kikubwa kinakula mita 4.40 za roli na hakiachi kitu cha maana pembeni. Chumba cha mama, mita 3.30 kwa 2.95, kinakula 3.40 na kuacha utepe wa sentimita 95, na utepe huo unatoa vidato sita. Chumba cha binti yangu ni chembamba zaidi, 2.68, kwa hiyo pembeni yake ukumbi mzima unaenea, pamoja na ile sehemu ya kukunjwa kufunika uso wa mwisho kabisa wa ngazi; vyote viwili ni mita 3.45 za roli. Nusu mita inatoa vidato vinne vilivyobaki, vikipangwa bega kwa bega. Mita moja inatoa vile vitatu vya kona.

Jumla ni mita 12.75 za roli, yaani mita za mraba 51. Ukipima sakafu na ngazi zenyewe tu, urefu mara upana, unapata kama 43, na ukinunua 43 kazi itasimama ngazini. Ukikata kila sehemu kivyake bila kupanga, chumba baada ya chumba, halafu ukumbi, halafu ngazi, unafika mita 17.15 za roli, ambazo ni mita za mraba 68.6. Tofauti ya 51 na 68.6 ni pesa za karo, na hakuna muuzaji atakayekaa chini kukutafutia. Muulize pia upana wa roli yenyewe kabla ya kupanga, kwa sababu roli nyembamba zipo, na mpango huu wangu hauingii humo.

Yapo mengine mawili yanayosahaulika. Chini ya kapeti kuna ile sponji mafundi wanayoiita andalei. Vyumbani tumechagua ya milimita 8, na kapeti yenyewe ni milimita 9, kwa hiyo sakafu inapanda milimita 17. Nafasi chini ya milango yetu ni 11. Fundi wa mbao atang'oa milango yote mitatu na kuiranda kabla kapeti haijafika. Ngazini andalei iwe nyembamba na ngumu, kapeti iwe ya manyoya mafupi yaliyoshonana. Ile nene inayodidimia inaonekana ya kifahari dukani, lakini ikifunika mdomo wa kidato inaufanya mviringo na mguu unateleza mbele.

La pili ni rangi. Kule Eastleigh nilionyeshwa kapeti nzuri kweli, zenye maua na madoadoa mengi. Nimezikataa zote kwa ajili ya ngazi. Macho ya mzee hayaoni kirahisi mwisho wa kidato pakiwa na mapambo yanayopita juu yake. Tumechukua ya rangi moja, kahawia iliyofifia, na mama mwenyewe amesimama nayo dirishani kuitazama kabla ya kusema sawa.

Muuzaji nilimtumia picha ya mchoro wote: upana wa roli, mita 12.75, mishale, na vipande vikiwa mahali pake. Alipiga simu. "Mama, hii fundi wangu ataifuata ilivyo. Tukate tu?"

Nikamwambia asikate bado. Kishikio cha ngazi kinacheza pale kwenye kona, na skrubu zake zimeingia kwenye lipu tu, hazijafika kwenye tofali. Hicho ndicho kitakachokazwa kwanza, kabla vumbi la kutoboa ukuta halijapata kapeti ya kuangukia. Kisha milango. Kisha aje na mkasi.