Udongo chini ya sakafu ya ghala: usipime ugumu tu, pima usawa

Foklifti ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina uzito wa karibu tani 4. Ikishanyanyua mzigo wake kamili, asilimia 85 hadi 90 ya uzito wote hukaa kwenye magurudumu mawili ya mbele. Yaani kila gurudumu linakanyaga kwa karibu tani 2.8, na tairi lile gumu linagusa zege kwenye eneo lisilozidi sana kisahani cha chai.

Ukisikia hivyo utataka kwanza kujua udongo una nguvu kiasi gani. Lakini zege lenyewe ndilo linalotawanya mzigo. Chukua sakafu yenye unene wa milimita 150 na ukadirie udongo kwa kipimo cha k, yaani shinikizo linalohitajika kuuzamisha udongo kwa kina fulani. Kwa hesabu za mhandisi Westergaard za mwaka 1926, k ikishuka kutoka 40 hadi 20 MN/m³, kipimo cha mtawanyiko wa mzigo kinapanda kutoka sentimita 68 hadi 81 tu. Nusu ya nguvu ya udongo imepotea, lakini sakafu imetikisika kidogo tu. Kinachoivunja ni udongo mgumu hapa na laini mita mbili mbele.

Ulaini huo huwa na makao yake: juu ya mitaro ya mabomba, kando ya misingi ya nguzo ambako roli ya kushindilia haifiki, na pale maji ya paa la mabati yanapomwagika. Anza kupima huko. Mtu akipima katikati ya uwanja peke yake amepima sehemu iliyoshindiliwa vizuri kuliko zote.

Kipimo cha haraka ni koni ya DCP, fimbo yenye ncha ya koni inayopigwa kuingia ardhini: nyundo yake ya kilo 8 huanguka milimita 575. Ikizama milimita 50 kwa pigo, CBR (asilimia ya ubebaji wa udongo ukilinganishwa na kokoto ya kiwango) iko karibu 5, sawa na k ya karibu 40. Ikizama 20, CBR ni kama 12. Piga pointi nyingi, kila mita 5 hadi 10, kisha tazama tofauti kati yake kabla ya wastani.

Kipimo cha sahani ni cha uhakika zaidi. Sahani ya milimita 762 hukandamizwa kwa jeki iliyoegemea lori lililopakiwa, na k husomwa pale inapozama milimita 1.27. Kwa k ya 40 unahitaji kama tani 2.4 tu. Wengi hutumia sahani ya milimita 300 kwa urahisi. Hapo jibu ligawanywe kwa 2.3, hatua ambayo husahaulika na ghala likapata udongo mzuri wa kwenye karatasi. Sahani ndogo pia haioni mbali. Haitagundua safu laini iliyo mita moja chini, lakini shehena iliyopangwa juu ya sakafu kwa miezi itaikuta.

Kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, kama ule wa Athi River, usiamini DCP ya Februari. Ukikauka ni jiwe, ukilowa ni uji. CBR yake ipimwe baada ya sampuli kulowekwa siku 4. Kwa kawaida jawabu ni kuuchimba na kurudisha moramu kwa tabaka za milimita 150, kila moja ikishindiliwa kufikia asilimia 95 ya msongamano wa juu kabisa uliopatikana maabara.

Na kama zege limeshamwagwa? Gonga kwa nyundo kandokando ya viungo vya mabamba ya zege, usikilize mlio mtupu. Toboa tundu la milimita 100, ingiza waya uliopindwa ncha upime pengo, kisha shusha DCP humo humo. Weka geji mbili za kupima zege linavyoshuka, moja kila upande wa kiungo, foklifti yenye mzigo ivuke polepole. Kwa magurudumu madogo magumu, tofauti ikizidi milimita 0.25, kingo zitaanza kumeguka. Matope yakiruka kwenye kiungo, udongo laini unasukumwa nje na pengo linakua.

Pengo hujazwa uji wa saruji kwa shinikizo dogo. Shinikizo likizidi, bamba linanyanyuka na kupasuka. Uji ukishakomaa, rudisha geji zile zile, foklifti ile ile, kiungo kile kile.