Kumi na Tano ya Mfunguo Tano

Mwaka 2022, siku chache baada ya Idi Kubwa, nilishuka Kigoma kwa likizo ya siku 60. Ulikuwa mwaka wangu wa nne Riyadh, Saudia, dereva wa nyumbani: watoto shuleni asubuhi, sokoni mchana, na mara tatu kwa wiki kumpeleka mama mwenye nyumba kusafishwa figo. Siku ya tisa tangu nifike, mama yangu mzazi aliteleza bombani, kule Ujiji, akavunjika nyonga. Tukamlaza hospitali ya Maweni. Daktari akatuambia tujiandae kwa wiki nyingi, na katika watoto wake wote aliyekuwa karibu ni mimi peke yangu.

Nikaanza kuhesabu. Viza yangu ya kutoka na kurudi ilikuwa inaisha Septemba 10. Ikama, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi kule, ilikuwa inaisha tarehe 15 Mfunguo Tano, kwa hesabu ya Kiislamu ya mwezi mwandamo, ambayo mwaka ule iliangukia siku moja tu baada ya viza. Kadi yenyewe ninayo kwenye pochi, ina picha yangu na namba yangu, lakini tarehe ya mwisho haipo juu yake. Uhai wake uko kwenye mtandao wa serikali. Nikifungua simu naiona. Kuisogeza mbele ni kazi ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, peke yake.

Hapo ndipo ndugu zangu walipokuwa hawanielewi. Shemeji aliniuliza kwa nini nisipande treni niende ubalozini Dar nikaongeze siku mwenyewe. Nilimweleza mara tatu, mara ya nne nikanyamaza. Kule ombi si la mfanyakazi. Mwajiri ndiye anayeingia Absher, ule mtandao wa serikali, kwa kitambulisho chake, namba ya siri inatumwa kwenye simu yake, analipia riyali 600 za mwaka kupitia benki, anathibitisha. Wakati ule ilikwisha kuruhusiwa kumfanyia hivyo hata mfanyakazi aliye nje ya nchi, ikama na viza vyote viwili, bila yeye kurudi kwanza. Asipofanya kwa wakati, faini ya mara ya kwanza ni riyali 500, ya pili 1,000, ya tatu mfanyakazi anarudishwa kwao. Kosa la mmoja, safari ya mwingine. Yale mageuzi ya Machi 2021, yaliyompa mfanyakazi wa kampuni nafasi ya kujiombea mwenyewe ruhusa ya kutoka na kurudi, yalituacha nje sisi madereva wa nyumbani, pamoja na wachunga mifugo na watunza bustani. Na viza ikikufia ukiwa kwenu, siku zile ilikuwa ni miaka mitatu huingii tena, isipokuwa kafili yuleyule akuombee upya.

Kafili wangu kwenye karatasi alikuwa yule mama mwenye nyumba, mjane. Lakini namba ya simu iliyosajiliwa ilikuwa mkononi mwa mwanawe mkubwa. Nilimwandikia kuanzia mwanzo wa Agosti. Nikamtumia picha ya mama kitandani, mguu umefungwa uzito, nikamtumia na karatasi ya hospitali. Akajibu "inshallah kesho." Wiki ikapita, nikatuma meseji ya sauti, akajibu vilevile. Saa zetu na za Riyadh ni moja, hivyo hata kisingizio cha usiku hakikuwepo. Mwisho wa Agosti akasema kweli yake: tangu niondoke ni yeye anayemwendesha mama yake hospitali, amechoka, na akiongeza siku sitarudi. Kwa hiyo anaiacha tarehe inibane.

Niliumia. Nilikuwa nimeacha nguo zangu, mshahara wa mwezi mmoja na godoro langu nyumbani kwao. Mtu aliyekusudia kutoroka haachi mshahara. Na hata ningekuwa mtoro, ikama si kamba ya kumfungia mtu. Ni wajibu wake mwajiri, ameubeba siku aliyosaini kunileta.

Alhamisi, Septemba 8, nilitoka wodini jioni nikateremka Kibirizi kwa baba mdogo. Nilitegemea kumkuta anaandaa taa za dagaa. Nikakuta mitumbwi imepandishwa mchangani, nyavu zimeanikwa, vijana wanacheza bao.

"Leo hamshuki?"

"Mwezi huo, huuoni?" Akaniinulia kidevu kuelekea mashariki, juu ya nchi kavu. "Leo kumi na mbili. Dagaa hawaji kwenye taa mbalamwezi ikiwaka hivi. Mpaka upite kumi na tano, uanze kuchelewa kutoka."

Kumi na tano. Ndiyo tarehe yangu ileile. Mwezi mzima nilikuwa naitazama kwenye kioo cha simu, kumbe baba mdogo alikuwa anaihesabu pale ufukweni bila bando. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza: "Huyo mama mwenyewe umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nilimwonea haya, mgonjwa yule, na nilizoea kwamba mambo ya karatasi ni ya mwanawe. Lakini simu ya jikoni namba yake ninaijua kwa kichwa. Nikapiga palepale, nimekaa juu ya mtumbwi. Akapokea mwenyewe. Nikamsalimia, nikamuuliza figo, nikamwambia mama yangu yuko hospitali wiki ya saba na karatasi zangu zinaisha kesho kutwa.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona mimi sijui?"

Hakuongeza neno. Nilimsikia akimwita mwanawe kwa jina lake kamili, simu ikakatika.

Saa nne na dakika kumi usiku niko kwenye benchi nje ya wodi, nikafungua tena kwa mara ya ishirini. Ikama: mwaka mmoja mbele. Viza: Novemba 10. Nikaingia ndani kumwonyesha mama, nikamkuta amelala, nikamfunika tu miguu.

Nilirudi Riyadh mwanzoni mwa Novemba, mama akiwa anatembea na magongo kutoka kitandani hadi barazani. Bahasha yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa pungufu riyali 600. Nilipouliza, mwana akasema ni ada ya ikama. Sikubishana naye. Siku ya hospitali nilimpa mama mwenye nyumba ile bahasha akiwa kwenye mashine, nikamwambia ada hii ni ya mwajiri, haikatwi kwa dereva. Akazihesabu noti polepole kwa mkono usio na sindano, akanirudishia bila kusema kitu.

Asubuhi iliyofuata nilipofungua gari, noti sita za mia mia zilikuwa juu ya dashibodi, zimebanwa kwa chupa ya manukato.