Siku moja maishani mwangu: kutafuta wataalamu wa afya wa kupanga vyumba vya kliniki, Mbeya

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kutafuta wapangaji, ananijibu, "Kumbe wewe dalali." Madalali nawaheshimu, wanatembea juani kutafuta riziki, lakini kazi yangu ni nyingine. Mimi ni msimamizi wa kliniki binafsi hapa Soweto, Mbeya. Mwenye kliniki ni daktari mstaafu, tunamwita Mzee, na siku hizi anaona wagonjwa katika chumba kimoja tu. Vyumba vingine tunawapangishia wataalamu wa afya: wa fiziotherapia, wa unasihi (ushauri nasaha), wa macho, daktari bingwa anayehitaji siku mbili kwa wiki. Wiki hii viwili viko wazi, na kukaa wazi kwa vyumba hivyo ndiko kunakoninyima usingizi. Hii ni Jumatano ya Julai.

Saa 12:00 asubuhi. Mji wetu uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Julai maji ya bombani yanauma vidole. Kabla sijanywa chai naweka tangazo kwenye status na kwenye magrupu. Nimeichagua saa hiyo kwa sababu. Manesi na madaktari wa zamu ya usiku wa hospitali za Rufaa na Meta wanajiandaa kutoka, wa asubuhi wako kwenye daladala, na wote wameshika simu. Ukiweka tangazo saa 4 unaongea na watu wenye wagonjwa mbele yao.

Picha nazipiga mwenyewe. Mwenye duka akitafuta fremu anaangalia barabara na wapita njia. Mtaalamu wa afya anaangalia sinki. Anataka kuona maji yanatiririka, mlango una upana gani, sakafu inadekika au ina nyufa, choo cha wagonjwa kiko umbali gani. Mlango wa chumba namba 3 una sentimita 90, kiti cha magurudumu kinapita bila kugonga kizingiti. Hicho ndicho ninachokipiga picha, futi kamba ikionekana.

Saa 2:00 mpaka saa 3:00 ni usafi, umeme wa LUKU, ndoo za taka na visanduku vya sindano kuhakikisha havijajaa kupita mstari.

Saa 3:00 mtaalamu wetu wa unasihi aliniita pembeni. Alinisalimia kwa upole wake ule, kisha akasema, "Dada, jana mteja wangu alinyamaza katikati ya maneno, akaniuliza kama wa chumba cha pili wanatusikia." Nikaenda kupima. Nilimweka mama wa usafi chumba cha pili nikamwomba aongee sauti ya kawaida, mimi nikafunga mlango na kukaa kwenye kiti cha mteja. Nilimsikia kila neno. Ukuta ni tofali zuri, lakini umeishia kwenye dari ya jipsamu, na juu ya dari hakuna kitu, sauti inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Mtu aliyekuja kusema jambo ambalo hajamwambia hata mumewe hawezi kulisema katika chumba cha namna hiyo. Nimeshamwita fundi apandishe ukuta mpaka kwenye paa. Na nimeamua chumba cha pili hakitampokea daktari wa meno, hata akija na pesa nyingi, kwa sababu kompresa (mashine ya hewa) ya kiti chake ingenguruma kutwa nzima.

Sasa nije kwa mteja wa siku hiyo, mtu aliyetaka kupanga chumba.

Alianza kupiga simu tangu saa 1. "Dada, chumba kipo? Usimpe mtu." Akapiga tena kuomba nipunguze, kodi yetu ya Sh 250,000 kwa mwezi iwe 200,000. Nikamwambia tutaongea akikiona. Saa 3 akasema yuko Kabwe, dakika tano amefika. Saa 4 bado yuko Kabwe. Aliingia saa 5 na robo, amevaa suti, ana begi jeusi na kijana wa kulibeba, nyuma yao dalali ambaye mimi sikumtuma wala simfahamu.

Sinki hakuliangalia. Alikwenda moja kwa moja dirishani akauliza kibao chake kitasimama wapi ili wanaopita barabarani wakione.

"Kaka, wewe ni mtaalamu wa nini?"

"Afya."

"Afya ipi?"

"Ya mwili mzima."

Akatoa bahasha akaiweka mezani kwangu. Kodi ya mwaka mzima, taslimu. Nasema kweli, moyo ulishtuka. Chumba kile hakijaingiza shilingi tangu mvua ziishe, na mishahara ya wafanyakazi naijua mimi kuliko Mzee. Bahasha ilikuwa nene, noti zimefungwa kwa mpira.

Halafu akafungua begi. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo na kijiti cha chuma kilichounganishwa kwa waya. Unakishika dakika moja, alisema, majibu yanatoka: ini, figo, moyo, kizazi, mifupa, yote. Mama wa usafi alikuwa anapita na dekio. Kabla sijasema neno alishamshikisha. Kwenye kioo rangi zikaanza kupanda na kushuka, nyekundu, njano, kijani, na mwisho yule bwana akatikisa kichwa kama anatoa pole ya msiba. "Mama, figo zako zimechoka sana. Zinahitaji kusafishwa." Dozi, chupa mbili, Sh 180,000.

Niliuona uso wa yule mama. Ana watoto watatu, anatoka Iyunga kila siku kwa daladala, na hapo alikuwa ameshaanza kupiga hesabu nani atamkopesha. Nilimwambia, "Mama, weka hicho chini, njoo huku." Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyozoea.

Nikamwomba yule bwana leseni. Akanipa cheti cha semina. Nikamwambia ninachouliza ni leseni ya taaluma. Madaktari wanayo ya Baraza la Madaktari Tanganyika, manesi na wakunga wana baraza lao, watu wa macho wana Baraza la Optometria, hata waganga wa tiba asili wana baraza lao tangu sheria ya 2002. Yako ya baraza lipi? Akatoa leseni ya biashara ya duka. Nikamweleza kwamba kliniki imesajiliwa kwa huduma zilizoandikwa kwenye usajili wake, kwamba anayetoa huduma humu ndani anatoa kwa jina la kituo, na wakaguzi wakija wataanza na sisi. Akasema, "Mimi siongei na wafanyakazi. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Mzee alikuwa na mgonjwa. Tukamngoja. Yule bwana alikaa mapokezi na begi lake, na kila mgonjwa aliyeingia alimsalimia na kuanza kumuuliza anaumwa nini. Nikahama kutoka ofisini nikaenda kukaa katikati yake na wagonjwa, faili mkononi, mpaka saa 7 ikapita sijala.

Mzee alipotoka, wote tulimwamkia. Aliangalia kile kijiti akauliza swali moja tu: "Kinapima damu au mkojo?"

"Kinapima mawimbi, mzee wangu."

"Wa vyumba ni huyu dada. Akisema hapana, ni hapana." Akarudi ndani kwake.

Ningependa iishie hapo, lakini dalali alibaki akidai hela ya udalali ya mwezi mmoja kwa kuniletea mteja, na yule bwana akidai nauli. Tulibishana mpaka getini. Sikutoa hata mia. Miguu ilikuwa inatetemeka, na bahasha ile iliondoka ikiwa imejaa vilevile, na chumba kiko wazi vilevile.

Mzee alimwita mama wa usafi akampima presha, akampima na mkojo bila malipo. Haukuwa na protini. Akamweleza taratibu kwamba figo huangaliwa kwenye mkojo na damu, na kwamba kushika chuma hakumwambii mtu chochote. Baadaye, tukinywa chai, akanisimulia kwamba yeye alisoma wakati ambao daktari hakuruhusiwa kufungua kliniki yake ya kuingiza faida. Sheria ya 1977 ilizuia, mpaka ilipobadilishwa 1991. "Ruhusa hii tuliingojea miaka mingi," alisema. "Siwezi kuitoa kwa mtu yeyote mwenye bahasha."

Mchana uliobaki siwezi kuupangia saa. Daktari wa meno alipiga akiulizia eksirei; nikamwambia chumba kinachomfaa ni namba 3, ila huduma ya meno lazima kwanza iingizwe kwenye usajili wetu, na mashine ya eksirei ina kibali chake kutoka Tume ya Nguvu za Atomu. Alishukuru, atafikiri. Mpangaji wa fiziotherapia alileta karatasi ya TRA ya ile asilimia 10 ya kodi ya pango anayokata na kuipeleka yeye. Watu watatu waliuliza bei wakapotea.

Jua likiwa linaelekea kuzama akapiga mtaalamu wa macho. Alikuwa amekwama Uyole nyuma ya malori ya Tunduma, asingefika leo. Kabla sijamuuliza chochote ilikuwa imeshaingia picha ya leseni yake, ya mwaka huu, jina linasomeka. Nilikaa kwenye kiti nikaitazama kwa muda.

Akauliza chumba kina urefu gani. Nikachukua futi kamba nikapima simu ikiwa sikioni: mita 4 na sentimita 30. Akasema chati ya kupimia macho husomwa kutoka mita 6. Nikadhani tumemkosa. "Hapana dada, tunaweka kioo. Chati inakaa ukutani juu ya kichwa cha mgonjwa, kioo mita 3 mbele yake, yeye anaisoma kwenye kioo. Mita 3 kwenda, 3 kurudi." Chati yenye herufi zilizogeuzwa ataileta mwenyewe. Alitaka pia pazia zito, maana kuna vipimo vinavyohitaji giza. Atachukua Jumanne na Ijumaa, kwa kuanzia.

Siku mbili kwa wiki hazifikii bahasha ile, hata kidogo. Nimemwandalia mkataba usiku huu huu, na nimempigia fundi vioo wa Mwanjelwa. Kesho saa 3 anakuja kupima ukuta. Nimemsisitizia kioo kiwe kipande kimoja, kisiungwe katikati, kwa sababu kiungo kikipita juu ya herufi mgonjwa ataisoma vibaya na miwani itakosewa.