Nyuzi 94

Juni imeshaingia Mbeya. Asubuhi hii nimechemsha chai nikiwa na koti humo humo jikoni, na sufuria ilipoanza kutokota nikakumbuka ripoti fulani za maabara ambazo hadi leo zinanitia aibu.

Nilipopanda huku nilikuwa mhadhiri msaidizi, nimetoka Dar na shahada ya pili ya uhandisi mitambo, majedwali ya mvuke nimeyameza hadi desimali. Wiki ya pili nikawapa wanafunzi zoezi jepesi: chemsheni maji, someni kipimajoto kila dakika, choreni grafu. Kundi baada ya kundi, mstari ulipanda ukaenda kulala kwenye 94. Nikaandika kwa wino mwekundu, "kipimajoto kibovu", nikakata alama. Vipimajoto vitano, vyote vibovu kwa kiasi kilekile, na bado sikushtuka! Kundi moja tu lilileta 100 kamili. Nikalipa alama zote. Hao, bila shaka, walipika data.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Mama yangu tangu ahamie huku kutoka Tanga analalamika maharage yanamla mkaa. Si ndiyo hiyohiyo?" Darasa likacheka. Na mimi nikacheka.

Jioni ile, kwenye chumba nilichopanga Soweto, nilibandika maharage saa kumi na moja. Saa tatu usiku bado yalikuwa yanagonga kwenye sahani kama kokoto. Nikachochea mkaa, maji yakatokota kwa fujo zaidi, maharage yakabaki vilevile. Hapo ndipo iliponiingia. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa inagandamiza kidogo kuliko pwani, na maji yanachemka kabla ya kufika 100. Ukiongeza moto unaongeza mvuke tu, joto la maji halipandi. Jambo la mwaka wa kwanza kabisa. Nilikuwa nalijua, sikuwa nimewahi kulila.

Alama nilizirudisha. Radhi sikuomba. Nilisema "tumerekebisha", kana kwamba kulikuwa na kamati.

Yaliyofuata ni ya kila mwalimu wa chuo: uzamivu, makala za majarida, vikao, kungoja barua ya kupandishwa cheo, hadi wakaanza kuniita Prof. Ninachokifurahia kuliko vyote hivyo ni kipindi kimoja kila mwaka, ninapowasimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friji, yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa hapo Iringa, akamuuliza swali lilelile mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Wenzake wakamcheka, Osborne akaenda kupima. Makala yao ikatoka mwaka 1969, na wanasayansi wanabishana juu yake mpaka leo.

Kisa hiki nakisimulia vizuri, nakiri. Sehemu ya Osborne huwa naitilia chumvi kidogo, nasimama wima, sauti inashuka.

Wiki iliyopita binti mmoja wa mbele akauliza, "Prof, na yule mwalimu wa kwanza? Alikuwa nani?"

Nikamwambia sijui, tukaendelea na entropi.