Nilivyoipata Ijumaa yangu hapa Kentucky: kondoo wa kuchoma, kitabu cha Bruda Lawrence na banjo

Kwanza niseme hili maana limenikaa kooni muda mrefu. Nilipofika Bowling Green, mji wa hapa Kentucky, Marekani, kila mtu wa nyumbani niliyekutana nae alikua na ushauri. Dada mmoja wa Bukavu, ambae nampenda sana na ndio alinionyesha duka la unga wa ugali, akaniambia "dada, ukipata konje (ofu) we lala tu, kule inje ya mji hakuna kitu, chakula yao haina chumvi, na ile miziki ni ya bazungu bazee." Mwingine akaongezea kwamba vitabu vya dini ni vya Jumapili, siku ya kawaida vinachosha akili. Nikawasikiliza miezi minane. Miezi minane ofu yangu ya Ijumaa nalala mpaka saa saba mchana, naamka kichwa kizito, nashika simu, jioni machozi yananitoka hata sijui ya nini.

Kilichonitoa humo ni kitabu cha dola moja. Kanisani kuna kapu la vitabu vya zamani, nikachukua kimoja chembamba kwasababu tu kilikua chembamba, kumbe ni mazungumzo na barua za Bruda Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris, alifariki 1691. Alikua askari, akajeruhiwa vitani, akaingia utawani, wakampeleka jikoni, na kazi ya jikoni kwa asili yake hakuipenda kabisa! Mi kazi yangu ni jikoni hotelini, nakata mboga na kuosha masufuria makubwa kama mapipa, kwahiyo niliposoma hapo nilisimama. Huyu mtu anasema wakati wa kazi na wakati wa sala kwake haukua na tofauti, yuko na Mungu kwenye kelele za sufuria vilevile kama akiwa amepiga magoti. Kuna sehemu wanasimulia alitumwa Burgundy, hukohuko Ufaransa, kununua mvinyo wa nyumba ya watawa, na mguu wake mbovu, kwenye boti hawezi kutembea anajiviringisha juu ya mapipa, na bado moyo wake umetulia. Nilikisoma kurasa mbili mbili kwenye mapumziko ya kazi, na usiku namrekodia mama yangu Kigoma, namtafsiria kwa Kiswahili kwenye WhatsApp. Mama akanijibu siku moja, "mwanangu, huyo mzee alikua anatoka nje, we mbona unajifungia?"

Basi nikaamua kutoka.

Kuhusu muziki, kazini kuna mzee mmoja fundi wa majokofu, kila akija anapiga mluzi nyimbo za bluegrass, ule muziki wa vijijini wa huku wa banjo na magitaa. Akanielekeza Rosine, kijiji kidogo Ohio County, wilaya ya hapahapa Kentucky, karibu saa moja kwa gari kutoka kwangu, ndipo alipozaliwa mwanamuziki Bill Monroe mwaka 1911. Bluegrass yenyewe imepata jina kutoka kwenye bendi yake, Blue Grass Boys. Akasema kuna banda la mbao wanapiga laivu, nenda. Siku hakunitajia, au alinitaja sikusikia vizuri.

Nikabadilishana zamu nikaenda Jumamosi. Hapa ntaeleza kwa kirefu maana hii safari ndio ilinifundisha. Nilikua bado nina ule ushauri wa chakula kichwani, kwahiyo nikabeba wali na maharage kwenye kontena, nikaweka kiti cha mbele, na kufika kona ya kwanza baada ya kutoka barabara kuu kontena likaanguka, wali na maharage yote chini kwenye zulia la gari. Nikafuta na leso yangu. Nafika Rosine, kimya. Banda limefungwa, hakuna gari, mbwa mmoja tu amelala. Njaa inauma, wali umekwisha, nikanunua kuku wa kukaanga kwenye kituo cha mafuta barabarani, alikaa kwenye taa za joto tangu asubuhi nadhani, mkavu unamtafuna kama kamba, dola saba au nane hivi nikaona zimepotea. Nilitaka kugeuza. Alafu nikamkumbuka yule bruda na mapipa yake, nikasema hapana, nimeshafika. Nikaenda makaburini, kaburi la Bill Monroe hulikosi, lina mnara mrefu wa jiwe, nikakaa kwenye nyasi nikasoma kitabu changu kurasa kumi na kitu bila kukatizwa na mtu, na nakuambia kweli hiyo ilikua saa ya kwanza ya amani tangu nije Marekani. Mtu aliekua anakata nyasi akanisogelea kwa upole akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia nimefuata muziki. Akacheka vizuri, akasema "mama, muziki ni Ijumaa usiku."

Ijumaa! Siku yangu ya ofu kabisa, niliyokua nailala.

Sasa kuanzia hapo nikajipanga. Sikuanzia Rosine, nilianzia Owensboro, kaskazini kabisa kwenye mto Ohio, mji unaojiita makao makuu ya nyama choma duniani. Na wanachochoma pale ni kondoo! Zamani eneo lile walifuga sana kondoo kwa ajili ya sufu, kondoo akizeeka nyama inakua ngumu, ndio wakajifunza kuichoma taratibu masaa na masaa kwa kuni za hikori mpaka inaachia mfupa yenyewe. Nilikula Moonlite Bar-B-Q Inn, kuna bufee, unalipa mara moja dola ishirini na kitu unajipakulia. Ujanja wangu, nenda alasiri, wa mchana wameondoka wa jioni hawajaja, sahani zinajazwa upya na hakuna foleni. Usianze na kuku, kuku utampata popote. Anza na kondoo aliekatwakatwa, mwagia ule mchuzi mweusi mwepesi wenye siki, sio ule mtamu mzito, mtamu unaua ladha ya moshi. Alafu bakuli la burgoo, ni supu nzito yenye kondoo, kuku, mahindi, viazi, kabichi na nyanya, imechemka mpaka vitu vimeshikana. Nilipoonja kijiko cha kwanza nilinyamaza, nikaona sufuria ya bibi yangu. Chumvi ipo, pilipili kidogo haitoshi kwa sisi, kwahiyo nabeba kichupa changu cha pilipili mbuzi kwenye mkoba, mhudumu mmoja alinusa akaomba tone, akatoa machozi akaomba tena.

Pale mjini kuna jumba la makumbusho la bluegrass, jengo jipya lilifunguliwa 2018. Kilichonishika ni habari ya banjo. Banjo ni ya Waafrika jamani, mizizi yake ni Afrika Magharibi, watu walioletwa utumwani ndio walikuja na ufundi wa kibuyu na ngozi na nyuzi. Na aliemfungua masikio Bill Monroe akiwa kijana ni mtu mweusi, Arnold Shultz, mchimba makaa wa hukuhuku Ohio County, alipiga gitaa na fidla kwenye dansi na akamchukua kijana Monroe wapige pamoja. Alifariki 1931 na kuzikwa Morgantown, mji ambao naupita kila nikienda na kurudi! Miezi yote ile naambiwa huu muziki sio wetu. Siku hizi nikipita Morgantown napunguza mwendo.

Rosine nilifika kwenye saa kumi na mbili na nusu. Kiingilio sikudaiwa, niliweka dola tano kwenye chombo cha mchango. Usikae mbele kabisa mara ya kwanza, kaa pembeni karibu na wanapofanyia mazoezi, maana nusu ya uzuri uko kwa wanaosubiri zamu, wazee na vijana wa miaka kumi na miwili wanapiga pamoja na hakuna anaemkatisha mwenzie. Ngoma hamna. Nilitafuta ngoma wimbo mzima, baadae nikagundua mandolini, kale kagitaa kadogo, ndio inashika kazi hiyo, inakata cha! cha! katikati ya mapigo ya besi, ukiifuata hiyo mikono yako itapiga makofi mahali pake. Banjo inapigwa kwa vidole vitatu, staili aliyoileta Earl Scruggs kwenye bendi ya Monroe mwisho wa 1945, sauti zinamwagika kama mvua kwenye bati. Na wanapokezana, mmoja anasogea kwenye maiki anapiga sehemu yake, anarudi nyuma anampisha mwenzie. Kwaya yetu ya vijana Kigoma tungekua na adabu hiyo tusingegombana kila Pasaka.

Alafu wakaweka vyombo chini karibu vyote, wakabaki wanne kuzunguka maiki moja, wakaanza taratibu, na sauti ya pili tu nikaijua. Yesu Kwetu ni Rafiki. Tenzi za Rohoni! Maneno yao Kiingereza, mi mdomo ukafunguka wenyewe kwa Kiswahili, kwanza kwa chini, alafu bibi mmoja wa pembeni, nywele nyeupe pe, akanishika mkono akanipa ishara niongeze. Nikaongeza. Tukamaliza beti tatu yeye lugha yake mi lugha yangu, na hakuna alienikodolea macho. Nilirekodi kidogo nikamtumia mama, kule kwao ilikua alfajiri, akajibu kwa sauti ya usingizi akiimba ubeti wa mwisho.

Kurudi usiku endesha polepole, paa wanaruka barabarani, mi huwa sizidishi hata kama wa nyuma anapiga honi. Na wakati wa baridi banda hufungwa kwahiyo ulizia kabla, Januari nilienda bila kuuliza nikaishia kusoma kwenye gari na chai ya chupa, japo Bruda Lawrence mwenyewe aliguswa na Mungu kwa kuangalia mti mkavu wa kipupwe usio na jani, kwahiyo ile siku pia sikuiona hasara.

Sasa hivi niko mara ya tatu kukisoma kile kitabu na kingo zake zina alama za mafuta ya kondoo. Yule dada wa Bukavu nilimchukua mwezi uliopita, alibeba ugali wake kwenye foili akaula na burgoo, akarudi kwenye bufee mara tatu, na Rosine alicheza na mzee mwenye buti akigonga visigino sakafuni mpaka mbao zinalia. Njiani alikua kimya, tulipokaribia nyumbani akaniuliza "Ijumaa ijayo tunatoka saa ngapi?" Tunatoka saa sita mchana, na kiti cha nyuma kimoja bado kiko wazi.