Mamangu alidhani ananisifia

Nilikuwa na miaka 36 siku naambiwa nina usonji (autism), na mpaka leo kitu kinachonirudia kichwani si hilo neno lenyewe, ni sauti ya mamangu kwenye spika ya simu akinimwagia sifa.

Nilifikaje pale, kwa kifupi: kazini walishanichoka. Bosi aliandika kwenye tathmini kwamba mimi ni mchapakazi ila kuongea na watu ni tatizo, mi nikadhani ni stresi tu nikaenda kwa mshauri, akanipa fomu ya maswali 50, ile iliyotengenezwa Cambridge na kutoka 2001, eti unapenda zaidi kwenda maktaba au kwenye sherehe (jamani kuna mtu anachagua sherehe kweli?). Ukipata 32 kwenda juu ndo wanakwambia ukaonwe. Nikapata 38. Nikasema nimejaza vibaya, nikarudia, 39.

Basi nikapelekwa kwa mwanasaikolojia, dada mmoja mtaratibu, tukakaa karibu masaa matatu. Kuna mahali aliniambia nijifanye mezani kuna sinki na mswaki, nimfundishe kupiga mswaki kama vile hajawahi kuona. Watu wengine nadhani wanaigiza tu wanamaliza. Mi nilikwama hapohapo mwanzoni, nikamuuliza mswaki umeshalowa au bado, na dawa iko upande gani, na maji tunafunga saa ngapi, yeye anaandika tu anatabasamu.

Halafu akasema lazima dalili ziwe zilikuwepo tangu utotoni, haiwezi kuwa kitu kimekuja ukubwani, kwa hiyo kama mzazi yupo tumpigie. Mama akapokea.

"Huyu? Huyu hakuwahi kunisumbua daktari. Nilikuwa namwekea kopo la vifungo asubuhi, atakaa nalo hapo mpaka jioni. Anavipanga, vya matundu mawili huku, vya manne kule, ukigusa kimoja tu nyumba haikaliki."

Kalamu ikaanza kukimbia. Kuongea je, mama? "Aah, huyo ukimuuliza unataka maji, na yeye anakujibu unataka maji. Tulikuwa tunacheka!" Na wageni wakija? "Anaingia uvunguni. Mtoto mwenye adabu sana, hakai kusikiliza mazungumzo ya wakubwa."

Kila sifa, mstari kwenye karatasi. Mi nimekaa naangalia ile karatasi inajaa na mama wa watu ndo kwanza amenoga, anaeleza nilivyokuwa nakula chakula kisigusane kwenye sahani.

Wiki mbili baadaye nikaitwa. Usonji, daraja la kwanza, lile la kuhitaji msaada mdogo zaidi. Akanieleza kwamba lile jina la Asperger nililokuwa nasoma kwenye intaneti, mwongozo wa madaktari wa Marekani ulishaliunganisha na usonji tangu 2013, sasa ni kitu kimoja chenye madaraja matatu kulingana na msaada unaohitaji. Nikawa naitikia kwa kichwa. Watu wengi husema siku hiyo walihisi wametua mzigo, mi nilikasirika. Nilimkumbuka shangazi yangu ambaye miaka miwili hakunisemesha kwa sababu nilimpita njiani bila salamu, ukoo mzima ukasema naringa, na ukweli ni kwamba alikuwa amebadilisha nywele na mi sikumjua. Sikumjua! Nilijitetea mpaka nikachoka, mwisho nikaomba msamaha wa kuringa ambako sikuringa.

Jioni nikampigia mama. Kimya kirefu, halafu:

"Kwa hiyo siku ile nilikuwa nakusemea mabaya?"

"Hapana mama, ulikuwa unanisifia."

"Mimi ndo nimekuharibu?"

Nikamwambia hapana, mtu anazaliwa nao. Sijui kwa nini nikaongezea kwamba wapo madaktari miaka ya 1950 na 1960 waliokuwa wanawasingizia akina mama, eti mama asiye na upendo, mama baridi, ndo anasababisha, na ilishajulikana kuwa ni uongo mtupu. Nilitaka kumfariji, kumbe nimechokoza nyuki.

"Baridi? Mimi? Mimi niliyekuwa nakukatia lebo za shingoni kwenye kila nguo kwa wembe, moja moja, na uzi wake nautoa, kwa sababu ukivalishwa nayo unalia kama umeingiwa na siafu? Nani alinifundisha? Hakuna daktari aliniambia!"

Nilikuwa nimesahau kabisa habari za lebo. Nikamuuliza alijuaje kwamba ni lebo ndo inaniliza, maana mi nilikuwa bado hata kusema siwezi.

Akanyamaza kidogo.

"Si za kwangu pia huwa nazikata."